Chungu Kilichofunga Kilabu Chenyewe

Katika miji ya wavuvi, walevi hupata umaarufu ambao wachonga mitumbwi hawaupati. Ufuko wa mashariki wa Ziwa Mweru, kuanzia Mwansabombwe kwenye bonde la Luapula, kupitia Nchelenge na Kashikishi, hadi Chiengi kaskazini, haukosi desturi hiyo. Masimulizi ya enzi za vilabu huenda hivi: palikuwa na nyumba moja ambayo kila mtu aliijua, palikuwa na wanaume walioweza kunywa tangu mchana hadi usiku wa manane na alfajiri wakaonekana ziwani wakivuta nyavu, palikuwa na utani, madeni yaliyolipwa bila kudaiwa, na ugomvi uliokwisha kabla jua halijachomoza. Kisha msimulizi huguna na kusema kwamba siku hizi hakuna walevi wa kweli, kuna watoto wanaolewa tu. Makala haya yanaikumbuka taasisi iliyozaa masimulizi hayo, ila yanapingana nayo juu ya jambo moja kubwa. Sifa wanazopewa walevi wale hazikuwa zao. Zilikuwa sifa za kinywaji chenyewe, tena zilitokana na udhaifu wake: pombe ya nafaka haikai. Kilabu cha zamani kilikuwa na kiasi kwa sababu pombe yake iliisha au ilichacha, na kiasi hicho kilianza kupotea pale wenye mitaji walipojifunza kuifanya isiharibike. Anayetaka kuelewa kwa nini unywaji wa ufukoni umebadilika asianze na tabia za vijana. Aanze na chungu.

Chungu chenyewe kilikuwa cha katubi. Katika nchi ya Wabemba na majirani zao, katubi hutengenezwa kwa ulezi, zao la mashamba ya kukata matawi na kuyachoma yanayoitwa chitemene. Nafaka hulowekwa hadi iote, hukaushwa, husagwa, uji hupikwa, kimea huongezwa, kisha huachwa uchachuke. Kazi hiyo huchukua takribani wiki nzima, na kila hatua ina siku yake isiyoahirishika. Ikishaiva, uji mzito huwekwa chunguni, maji ya moto humiminwa juu yake, na wanywaji huvuta kwa mrija wa tete. Kikipungua, maji huongezwa tena, na kila maji yanapoongezwa nguvu ya pombe hupungua, hadi wanaobaki wanavuta maji ya uvuguvugu yenye harufu ya ulezi. Hapo kikao kimekwisha na hapana wa kulalamika. Audrey Richards, Mwingereza aliyeishi miongoni mwa Wabemba katika miaka ya 1930 na kuchapisha kitabu chake kikubwa kuhusu ardhi, kazi na chakula mwaka 1939, alieleza kwa makini jinsi pombe ilivyogawanywa. Mpikaji hakufungua mlango akauza kwa yeyote. Alitenga chungu kwa mtu maalumu, mkwe au mzee au mgeni wa heshima, na huyo ndiye aliyewaita wengine kunywa. Heshima ya mtu ilipimwa kwa chungu alichopewa na namna alivyokigawa, si kwa kiasi kilichopita kooni mwake. Shujaa wa kunywa, yule wa masimulizi, hakuwa na jukwaa la kuonyeshea ushujaa wake kwenye chungu ambacho kila mrija ulikuwa zamu ya mwenzake.

Bonde la Luapula lilikuwa na hali yake tofauti kidogo na nyanda za juu. Chakula kikuu hapa ni mihogo, na ulezi haukuwa mwingi kama kwa Wabemba, kwa hiyo mahindi na mihogo viliingia mapema katika mapishi ya pombe. Hata hivyo mpangilio ulikuwa ule ule: mwanamke mpikaji, wiki ya kazi, siku moja au mbili za kunywa, kisha ukame hadi mpikaji mwingine awe tayari. Pombe ilikuwa pia sehemu ya utawala. Wareno waliofika katika makao ya Mwata Kazembe, Lacerda mwaka 1798 na Gamitto mwaka 1831, walikuta dola ya Walunda yenye adabu kali za kasri, na pombe ilikuwa miongoni mwa mambo waliyoyaandika. Mpaka leo, katika sherehe ya Mutomboko inayofanyika Mwansabombwe kila mwaka mwishoni mwa Julai, Mwata huenda kwenye mto Ng'ona na kuutupia chakula na vinywaji kuwakumbuka Chinyanta na Kasombola, ndugu waliozamishwa katika mto Mukelweji kabla Walunda hawajafika Luapula. Kinywaji kinachostahili kupewa waliokufa hakikuwa bidhaa ya kawaida ya dukani. Kilikuwa na mahali pake katika mwaka, mwenye kukipika na sababu ya kupikwa.

Kilichokuja kuuvuruga mpangilio huo kwanza ni samaki, kabla hata ya baa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wafanyabiashara wa Kigiriki waliweka makazi Kasenga, upande wa Kongo wa mto Luapula, wakaanza kununua samaki kwa wingi na kuwapeleka Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, kulisha wafanyakazi wa migodi ya shaba. Baadaye soko la migodi ya upande wa Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, likafunguka pia, na samaki wa Mweru wakasafiri kwa malori kupitia kile kipande cha Kongo kinachojipenyeza kati ya Luapula na Copperbelt. Mwanahistoria David Gordon, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu uchumi na mazingira ya bonde hili, ameeleza jinsi biashara hiyo ilivyokuza miji ya ufukoni na jinsi ilivyomaliza samaki aina ya mpumbu, waliokuwa wakipanda mto kwa makundi kuzaa, hadi mwishoni mwa miaka ya 1940 uvuvi wao ukaporomoka. Kwa hoja yetu, jambo la kushika ni namna pesa za samaki zinavyoingia mkononi. Mkulima wa ulezi hupata mara moja kwa mwaka na hujua kitamfikisha wapi. Mvuvi hupata usiku mmoja kiasi ambacho jirani yake mkulima hakioni kwa mwezi, na usiku unaofuata hapati kitu. Pesa ya namna hiyo hutafuta mahali pa kutumika leo. Katika ufuko wenye pombe inayoiva mara moja moja, hupakosa. Katika ufuko wenye pombe ya kila siku, hupapata kabla nyavu hazijakauka.

Pombe ya kila siku haikubuniwa Nchelenge. Ilibuniwa mijini, na iliyoibuni ilikuwa serikali. Mwaka 1909 manispaa ya Durban, Afrika Kusini, ilianza kuhodhi utengenezaji na uuzaji wa pombe ya nafaka kwa Waafrika, na faida ikatumika kugharimia utawala wa Waafrika hao hao: makazi yao, polisi wao, zahanati zao. Mfumo huo ukasafiri. Nairobi iliufuata kwa kilabu cha manispaa Pumwani katika miaka ya 1920, na katika miaka ya 1930 sheria ya Rhodesia ya Kaskazini iliziruhusu halmashauri za miji kufanya hivyo hivyo. Katika Copperbelt na Lusaka, ukumbi wa pombe wa halmashauri ulikuwa na uzio, saa za kufungua na kufunga, na vikombe vikubwa vya kufanana. Wanawake waliojaribu kupika nyumbani walikamatwa na vyungu vyao vikamwagwa. Pombe kali kwa Waafrika ilikuwa tayari imefungwa na mikataba ya kimataifa, ule wa Brussels wa mwaka 1890 na ule wa Saint-Germain wa mwaka 1919, kwa hiyo halmashauri haikuwa na mshindani wa halali. Wanaume wengi wa Luapula walipitia kumbi hizo walipokwenda migodini, wakarudi nyumbani na wazo geni: kwamba pombe ni kitu kinachopatikana muda wote, kwa pesa, kutoka kwa mtu asiyekujua.

Wapo wanaoziona kumbi za halmashauri kuwa ndiyo kilele cha taasisi tunayoizungumzia, na hoja yao haipaswi kupuuzwa. Ukumbi uliwakutanisha watu wa makabila tofauti. Ngoma, vyama vya mazishi, mpira na siasa vyote vilipitia hapo au karibu na hapo. Faida yake ilijenga viwanja na majengo ya ustawi ambayo serikali ya kikoloni isingeyajenga kwa hiari. Baada ya uhuru wa mwaka 1964, halmashauri nyingi za Zambia ziliendelea kumiliki vilabu vya pombe na nyumba za wageni, na katika wilaya za mbali hayo yalikuwa mapato ya kutegemewa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali ilipozitaka ziachane na biashara. Yote hayo ni kweli. Lakini tazama nani alilipa. Zahanati iliyojengwa kwa faida ya pombe ilijengwa na mlevi, na mlevi alikuwa amechukua pesa hiyo kwa mkewe. Wananchi wa wakati ule waliliona jambo hilo waziwazi. Katikati ya miaka ya 1950 kumbi za pombe za Lusaka na Copperbelt zilisusiwa, na wanawake walikuwa mstari wa mbele kusimama milangoni kuwazuia wanaume wasiingie. Hawakuwa wanapinga pombe. Wengi wao walikuwa wapikaji. Walikuwa wanapinga kuporwa kazi yao na kisha kuporwa mishahara ya waume zao kwa kazi ile ile.

Hata hivyo, ukumbi wa halmashauri bado ulibeba tabia moja ya chungu: pombe yake iliendelea kuchacha. Ilibidi ipikwe karibu na mnywaji na inywewe ndani ya siku chache. Tabia hiyo iliisumbua sana biashara, na historia ya kinywaji maarufu zaidi cha nafaka katika kanda hii, Chibuku, ni historia ya kupambana nayo. Max Heinrich aliianzisha Kitwe katika miaka ya 1950, na baadaye ikawa mali ya kampuni kubwa zilizofuatana, Lonrho, kisha SABMiller, kisha AB InBev. Pakiti za karatasi zinazotikiswa kabla ya kufunguliwa ziliifikisha mbali, lakini bado ilikuwa pombe hai, na gari lililochelewa njiani lilifika na siki. Katika muongo wa 2010 ndipo ilipotoka Chibuku Super, iliyopitishwa kwenye joto la kuzuia uchachu usiendelee, na muda wake wa kukaa ukapanda kutoka siku tano hivi hadi wiki tatu. Kwenye vitabu vya kampuni hayo yalikuwa mafanikio ya uhandisi. Kwenye kijiji cha mbali na barabara kuu, maana yake ni kwamba pombe ya nafaka, ambayo tangu zamani ilikuwa na mwisho wake ndani yake yenyewe, sasa inaweza kukaa rafu moja na bia ya chupa ikimsubiri mteja.

Bia ya chupa ilikuwa imetangulia. Mosi ya Zambia upande mmoja, Simba na Tembo za Lubumbashi upande wa pili. Wavuvi wa Mweru wamekuwa wakinywa mataifa mawili bila kuhitaji pasipoti. Chupa haina haraka. Hukaa mwezi, hukaa miezi, na kila siku inayokaa ni siku ambayo mwenye pesa anaweza kuifungua. Hapo ndipo shujaa wa kunywa anapopata jukwaa lake, kwa sababu kreti haliishi kabla ya pesa kuisha. Utaratibu wa heshima nao unageuka: kwenye chungu anayeheshimiwa ni aliyepewa na kugawa, kwenye kaunta anayeheshimiwa ni aliyenunua. Mvuvi aliyepata usiku mzuri anaweza kuwanunulia wote waliopo, na kwa saa tatu akawa Mwata wa meza yake. Masimulizi yetu ya walevi mashuhuri yamejaa watu wa namna hiyo. Ukiyachunguza kwa utulivu utaona kwamba karibu yote ni ya enzi ya chupa, ingawa wasimulizi huyavisha mavazi ya enzi ya chungu: ukarimu wa wazee, utani wa jamaa, ugomvi unaomalizwa kwa maneno. Wamechukua mazuri ya taasisi moja wakayahamishia kwa watu wa taasisi nyingine.

Hapa msomaji makini atauliza: na kachasu je? Pombe ya kukenekwa, ambayo Watanzania huiita gongo, Wakenya chang'aa na watu wa Katanga lutuku, si ya jana. Wanawake wa ufukoni wameikeneka kwa vizazi kadhaa, kwa siri, kwa mahindi, mihogo au sukari, na haiharibiki hata ikikaa mwaka. Ikiwa pombe isiyoharibika ndiyo inayoondoa kiasi, basi kiasi kilikuwa kimekwisha kuondoka kabla ya makampuni. Pingamizi hili lina nguvu, na linanilazimisha kuibana hoja badala ya kuiacha. Kachasu kwa pombe ni kama dagaa mkavu kwa samaki mbichi. Watu wa Mweru wanalijua somo hilo kuliko wengi, kwa maana uchumi wao wote umejengwa juu ya kitu kinachooza kabla ya jioni. Kuanzia miaka ya 1970, samaki wadogo waitwao chisense wamekuwa tegemeo kubwa la ziwa hili, na thamani yao imetokana na kukaushwa juani mchangani, kisha kufungashwa na kupelekwa mbali. Aliyeweza kukausha aliuza popote na wakati wowote. Mpikaji aliyekeneka alifanya hesabu ile ile: pombe yake isingemfia mikononi, na asingelazimika kuuza yote siku moja. Tofauti kati yake na kampuni ilikuwa ukubwa wa shughuli. Chombo chake kilikuwa kidogo, kuni zake chache, na sheria ilikuwa mgongoni mwake. Kwa hiyo kachasu inathibitisha kanuni: kila pombe inapodumishwa, mipaka yake huhama kutoka ndani ya kinywaji kwenda kwa polisi. Na mipaka ya polisi, kila mtu anajua, hununulika.

Ushahidi wa mwisho wa kanuni hiyo ni tujilijili, vile vifuko vidogo vya plastiki vyenye pombe kali ya karibu asilimia 40 vilivyoenea Zambia katika miaka ya 2000. Bei yake ilikuwa ya mtoto wa shule, na ukubwa wake ulitosha mfuko wa kaptura. Mwezi Aprili 2012 waziri wa serikali za mitaa wa wakati huo, Profesa Nkandu Luo, alipiga marufuku utengenezaji na uuzaji wake. Tanzania ilifuata na viroba tarehe 1 Machi 2017, Uganda mwaka 2019. Ukiweka kifuko hicho kando ya chungu cha katubi utaona safari nzima: pombe ya asilimia chache, iliyochukua wiki kupikwa na mwanamke anayejulikana, ikagawanywa na mzee kwa watu wanaojuana, ikaisha jioni, na pombe yenye nguvu mara kumi yake, iliyotengenezwa kiwandani, ikanyweka na mtu mmoja nyuma ya ukuta kwa dakika moja, ikakaa dukani bila kikomo. Cha pili kilihitaji amri ya waziri ili kikome. Cha kwanza hakikuhitaji hata mlinzi.

Wapo watakaosema kwamba ninakipamba chungu, kama wengine wanavyowapamba walevi. Wamishonari waliokaa bondeni, wa London Missionary Society Mbereshi tangu mwaka 1900 na ndugu wa Plymouth Brethren waliokuwa Luanza upande wa Kongo na Mambilima upande huu, hawakuiona pombe ya kienyeji kuwa kitu cha kiasi. Waumini waliokutwa wakinywa walitengwa. Waadventista na Mashahidi wa Yehova, ambao wamepata mizizi mirefu katika bonde la Luapula, wana wafuasi wengi waliojiunga wakiwa wamechoshwa na ulevi wa nyumbani. Ni lazima kukubali kwamba watu walilewa kwa katubi, walipigana na kupiga wake zao, na kwamba siku ya pombe haikuwa siku njema kwa kila mwanamke kijijini. Kuna jambo jingine zito zaidi ambalo Richards mwenyewe aliliandika: nafaka iliyopikwa pombe ni nafaka isiyopikwa ugali, na kwa Wabemba miezi ya njaa ilikuja kila mwaka. Kiasi kilichosababishwa na uhaba si utakatifu. Lakini madai yangu si kwamba wazee walikuwa wema. Madai ni kwamba uovu wao ulikuwa na tarehe. Siku ya pombe ilikuwa mbaya kwa wengine, kisha ikapita, na siku tano zilizofuata hapakuwa na kitu cha kulewa nacho. Anayelinganisha enzi mbili kwa kupima ukali wa usiku mmoja atakosea. Apime idadi ya usiku.

Wanaanthropolojia Elizabeth Colson na Thayer Scudder walifanya kitu karibu na hicho katika ufuko mwingine wa Zambia. Kitabu chao cha mwaka 1988 kuhusu pombe katika wilaya ya Gwembe kinafuatilia miaka 1950 hadi 1982 miongoni mwa Watonga waliohamishwa na bwawa la Kariba. Wanaonyesha jinsi pombe ilivyotoka katika ibada za mazishi, mvua na mavuno, na kazi za ushirika shambani, ikawa biashara ya kila siku; na jinsi ulevi ambao mwanzoni haukuonekana kuwa tatizo ulivyokuja kuonekana hivyo na Wagwembe wenyewe. Gwembe si Mweru, wala Watonga si Walunda au Washila wa Mweru. Lakini mlolongo unafanana mno kuuita bahati: ziwa, samaki, pesa za haraka, wapikaji wanaouza badala ya kugawa, kisha chupa. Rais Kenneth Kaunda, ambaye mwenyewe hakunywa, alitumia miaka mingi kuwakemea Wazambia kwa ulevi kana kwamba lilikuwa tatizo la nidhamu ya taifa. Alipaswa kuelekeza baadhi ya makemeo hayo kwenye vyombo vya serikali yake vilivyohesabu mapato ya pombe.

Kuna hoja moja dhidi ya haya yote ambayo siwezi kuibatilisha, nayo inatoka kwa wanywaji wenyewe. Wanasema kwamba baa ya leo, pamoja na kasoro zake, ni mahali pekee ambapo mvuvi kutoka kisiwa cha Kilwa kilichomo Mweru, mchuuzi wa Kongo aliyevuka kutoka Pweto na dereva wa Kitwe wanaweza kukaa meza moja bila kuulizana ukoo. Chungu kilikuwa cha wanaojuana. Mgeni asiye na mwenyeji hakuwa na mrija. Tangu daraja la Chembe lifunguliwe mwaka 2008 na barabara za Luapula ziwe bora, wageni wameongezeka, na mji wa wageni unahitaji mlango ulio wazi. Hili ni kweli, na ndilo jambo ambalo baa inastahili kukumbukwa nalo siku historia yake itakapoandikwa. Ila mlango ulio wazi haulazimu kinywaji kisicho na mwisho. Munkoyo, kinywaji cha mizizi na mahindi ambacho Wazambia wengi hukinywa kikiwa hakijalewesha, huuzwa kwa wageni sokoni kila siku bila kuwalevya.

Tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi katika Mweru upande wa Zambia hupigwa marufuku ili samaki wazaliane. Sheria hiyo ilitungwa baada ya watu kujifunza, kwa gharama ya mpumbu, kwamba ziwa haliwezi kufunguliwa mwaka mzima. Vilabu vya ufukoni vilikuwa na marufuku yao kabla ya hiyo, haikuandikwa popote, na walioitekeleza ni wanawake waliohesabu siku za kimea. Hao ndio walioiendesha taasisi. Walevi walikuwa wateja. Katika kumbukumbu za wilaya, katika makumbusho na katika vitabu vya shule, wateja wana majina na wapikaji hawana. Wanaoandaa Mutomboko ya Julai ijayo, pale vinywaji vitakapotupwa Ng'ona kwa ajili ya Chinyanta na Kasombola, wawaite mbele wanawake waliovipika, watangaze majina yao na vijiji vyao kama wanavyotangaza machifu, na waombe kila mmoja aeleze mapishi yake yaandikwe.